Tanzia Iliyowahi

Kaeni chini nyote, na mwenye kiatu kinacholia akivue, maana pumzi nilizonazo ni chache na sitaki kugawana na kiatu. Chefu, wewe kaa kwenye kiti kile chenye mikono, ndicho pekee kisichoyumba. Umetoka Fizi, barabara ile naijua, na mgongo wako nauonea huruma. Marthe, mke wangu, kaa hapa karibu na kichwa changu. Chai iweke hapo juu ya kigoda, nitaitaka baadaye. Émilienne, binti yangu, acha kulia, hujafiwa bado. Kassimu, ndugu yangu, ninyi watu wa mashua mmezoea kusimama, basi simama mlangoni uzuie upepo, na asitoke mtu. Na wewe Alphonse, kifungua mimba wangu, mwenye tai shingoni katika joto hili, njoo hapa mbele nikuone vizuri, kwa sababu maneno mengi ya leo yanakuhusu wewe. Nanyi mnivumilie nikisema Kiswahili cha gazeti mpaka kitandani. Nimekizoea. Siku mtakayosikia nimekiacha, mjue nimekwisha.

Naanza kwa kuwaonyesha kwamba mimi ni mzima. Chefu, nishike mkono. Una joto? Haya, waambie wazee wa lubunga waliokaa hapo barazani, hao ambao nimekula nao na kuamua nao mashauri tangu ujana wangu, waambie kwamba mkono wa Nicolas Etabo una joto. Waseme wamesikia kwako, maana wewe una kofia ya Serikali na mimi nina shuka tu. Nawaomba mlishike hilo kabla ya yote, kwa sababu gazeti la Kengele, gazeti la kila mwezi ambalo nimeliandikia tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, limetangaza mbele ya Kivu nzima kwamba nilifariki siku ya Kupalizwa Bikira Maria. Sikukuu hiyo imekwisha kupita. Siku hiyo nilikula mgebuka wa kuchoma na bukari, ugali wetu, nikamtukana jirani kwa sababu ya mbuzi wake, nikalala vizuri mpaka asubuhi. Kama hiyo ndiyo mauti, wanangu, msiyaogope.

Habari za kifo changu hata sikuzipata kwa gazeti. Nilizipata kwa huyu Kassimu, ambaye mashua yake huleta posta ya Baraka kutoka Uvira. Alizisikia sokoni Uvira, akanunua sanda na sukari ya matanga, akavuka maji yote yale akilia, akaingia hapa na sanda kwapani, akanikuta nanyoa ndevu. Alisimama palepale aliposimama sasa. "Muzee," akasema, "kule Uvira banasema ulikufa." Nikamwuliza, "Na wewe unaona namna gani?" Akanitazama sana, kioo akakitazama, wembe akautazama, kisha akasema, "Mi naona iko unanyoa. Lakini ile kitu iliandikwa." Mnasikia? Mtu wa dini, mwenye akili zake, tuliyeogelea naye Baraka tungali watoto, alitaka kwanza aniulize mimi ruhusa ya kutoiamini karatasi. Simcheki. Nimefanya kazi maisha yangu yote ili watu wa pwani hii ya ziwa wawe hivyo, na kazi ile niliiweza.

Chefu, wewe hukuwahi kufanya kazi ya gazeti, basi nikueleze, na hawa wanangu wasikie kwa mara ya mwisho. Kengele hupigwa chapa Bukavu, mji ule tuliouita Costermansville mpaka juzi. Herufi hupangwa kwa mkono, kurasa hufungwa mapema mno, kisha gazeti hupanda kamio la mizigo mpaka Uvira, halafu hushuka kwa mashua mpaka huku kwetu, na mwandishi anayengoja jambo litokee ndipo aliandike, habari yake hutoka watu wakiwa wamekwisha kuisahau. Kwa hiyo tuliandika kabla. Maonyesho ya pamba ya Baraka niliyaandika kila mwaka pamba ingali maua: umati ulifurahi, bwana agronome wa mashamba aligawa zawadi, jua liliwaka. Mwaka mmoja mvua ilinyesha mpaka bendera ikaanguka matopeni. Gazeti lilipofika likasema jua liliwaka, na nikawasikia kwa masikio yangu watu waliolowa siku ile wakisimuliana habari za jua lile. Mwaka mwingine kulikuwa na mkubwa wa kutoka Leopoldville, tukaambiwa atashuka Baraka kwa boti, nikaitunga hotuba yake na kuituma. Boti iliharibika Albertville, mkubwa akarudi alikotoka, hakuukanyaga mchanga wa Baraka hata kidogo. Mpaka leo wako watu hapa wanaorudia maneno ya hotuba ile na kuapa kwamba walipiga makofi mpaka viganja vikauma. Ilikuwa hotuba bora kuliko zote alizopata kuzitoa mkubwa yule, na sijutii hata neno lake moja.

Basi yule infirmiye, mwuguzi wa Baraka, alipokuja mwezi wa saba, akanibonyeza tumbo, akamwambia Alphonse nje ya mlango kwamba sitafika katikati ya mwezi wa nane, na Alphonse akaketi palepale akaandika tanzia yangu na kuituma Bukavu ili iwahi, mwingine angemlaumu kwa kuniua kabla ya siku zangu. Mimi simlaumu. Hiyo ndiyo kazi, na aliyemfundisha ni mimi. Hata sikukuu amenichagulia, nife na nyimbo na maandamano, nashukuru. Ninachomlaumu ni kwamba ameandika vibaya.

Usiinamishe kichwa, Alphonse, bado hatujafika kwenye aibu. "Amelala katika amani ya Bwana, akizungukwa na wanawe wote." Wanawe wote! Henri ndugu yako yuko migodini Katanga, na salamu za mwisho alizotuma aliomba viatu. "Maneno yake ya mwisho yalikuwa ya shukrani kwa Serikali." Chefu, usikasirike, lakini mtu anayekata roho akiishukuru Serikali ni mtu asiye na jamaa. "Alikuwa taa katika giza." Taa! Nimewaandika wafu wa Fizi nzima kwa mkono huu, makatekista, makapita, walimu, hata yule karani mlevi aliyeanguka na baiskeli yake mtoni, na sikumwita taa hata mmoja wao. Mtu si taa. Mtu ana pua yake, ana namna yake ya kukohoa, ana chakula anachokikataa na wimbo anaoukosea kila Jumapili. Nilikusomesha kwa wamisionari, nikakununulia kalamu ya wino ungali huna ndevu, na siku ya kumwandika baba yako ukaenda kuazima taa ya watu.

Halafu akakitaja kitabu changu, Uma na Kisu, akakiita hazina ya vijana wa leo. Wanangu, mjue hazina hiyo ilivyopatikana. Nilikuwa nimempelekea Padri Anatole, mhariri wetu, kitabu kingine, kikubwa, cha watu wa kando ya ziwa hili, wanavyochumbiana, wanavyogombania nyavu, wanavyomficha mtu siku ya kodi. Alinirudishia akisema ni kizuri lakini hakina faida, akaniuliza kama naweza kuandika namna ya kushika uma. Niliandika. Kile kikubwa nilikiweka sandukuni na mchwa wa hapa Lweba wakakisoma chote. Hao ndio wasomaji wangu waaminifu. Uma na Kisu kilinunuliwa kama chumvi. Kila kijana aliyetaka karte, ile kadi ya Serikali, aitwe mwevolue, mtu aliyestaarabika, alikikariri, kwa maana Wazungu wa tume walikuwa wakiingia majumbani mwao kuhesabu uma na kuchungulia choo, na nimewaona watu wazima, baba za watu, wakitetemeka mbele ya samaki wakijaribu kukumbuka ukurasa wangu. Hao ndio Serkle ya Waevolue ya Baraka, chama ambacho katibu wake ni Alphonse. Wanakutana Jumamosi katika chumba chenye picha ya mfalme, wanaitana Monsieur, wanakunywa limonadi kidole cha mwisho kikiwa juu, na hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba sura ya supu niliitoa kichwani tu, kwa sababu nilikuwa sijawahi kumwona mtu akila supu. Kidole kile cha juu ni changu. Nilikiweka siku moja mvua ikinizuia kutoka, nikiwa nimechoka na kuandika.

Ningewaachia kidole wakae nacho. Lakini wametaka na kitu kingine, na hapo ndipo sababu ya kuwaita.

Mwisho wa tanzia ile pameandikwa hivi, nami nayasema kama yalivyo: "Kwa wosia wake, nyumba yake ya matofali iliyoko Lweba ameiachia Serkle ya Waevolue ya Baraka iwe maktaba, chini ya uangalizi wa mwanawe, Bwana Alphonse." Sikilizeni vizuri, na nyie wa barazani msogee. Mimi sikusema hivyo. Sikusema nikiwa na homa, sikusema nikiwa mzima, sikusema usingizini. Nyumba hii, nilipokuwa mezani na sura yangu ya supu, Marthe alikuwa akibeba maji kutoka ziwani kukanyagia udongo wa matofali, mimba ya Émilienne ikiwa tumboni, na tanuru lilipowashwa ni yeye aliyekaa nalo kulilisha kuni. Mabati yalitoka katika Uma na Kisu, nakubali. Kuta ni za Marthe. Na Marthe huyu akitolewa humu hana pa kwenda. Mnasema mjane arudi kwao. Kwao ni wapi? Kijiji chao kiliisha kwa malale, watu na mbwa, mnapita pale kwenda Baraka na hamjui hata kama palikuwa na watu. Émilienne naye amerudi kutoka kwa mume asiyefaa hata kutajwa, anaanika ndakala, dagaa wa ziwa hili, nyuma ya nyumba hii, na ndakala hizo ndizo zinazolisha watoto wake, na zimenilisha mimi, na zimemlisha Alphonse kila alipokuja kunitazama kama nimekufa. Serkle wataziweka wapi ndakala? Katikati ya vitabu?

Msidhani ni maneno ya karatasi tu. Gazeti lilipofika, haikupita hata wiki wakaja mabwana wa Serkle na kamba ya kupimia. Nilikuwa nimelala hapahapa, macho nimeyafumba. Mmoja akauliza, "Muzee iko anasikia?" Na sauti ya mwanangu ikajibu, "Hapana, iko analala." "Na hii kitanda itatoka lini?" "Haitakawia." Wakapima ukuta ule, wakapima na huu, kamba ikapita juu yangu ikanikuna uso, na yule mwenye miwani akasema, "Etajere ya kwanza ya vitabu itaanzia hapa, kwenye pua ya muzee." Wakacheka kidogo, kwa adabu, kama nilivyowafundisha. Mtaniuliza kwa nini sikuinuka nikawafukuza. Nilitaka kusikia mpaka mwisho. Ni tabia ya kazi, haitoki. Lakini niliona uchungu, Marthe. Nilisikia unavyowapikia chai huko nyuma, hujui wanapima nini, na niliona uchungu ambao sikuuona hata nilipomzika mama yangu.

Na mtaniuliza pia kwa nini sikupeleka habari Bukavu kwamba tanzia ni ya uongo. Kengele halijasahihisha kosa hata mara moja tangu lianzishwe. Padri Anatole husema msomaji akiona kosa moja limesahihishwa, ataanza kuyatafuta mengine, na hapo Padri ana haki, msomaji angeyapata. Na Bwana Administrateri amekwisha kuukata ukurasa ule na kuutia katika faili. Chefu, wewe mwenyewe umeuona pale Fizi, uliniambia ulipoingia. Kwa hiyo imebaki njia moja, njia ya babu zetu, ambayo niliidharau kwa maandishi mazuri miaka mingi: mtu aseme kwa kinywa chake mbele ya wazee wa lubunga na mbele ya Chefu, akiwa hai.

Akiwa hai. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Nilimtuma Kassimu akuite, Chefu, akaambiwa uko katika ziara ya pamba. Nikangoja. Akaenda tena, akaambiwa umepanda Minembwe kwa shauri la ng'ombe. Nikangoja. Padri wa parokia amenipaka mafuta matakatifu, akarudi akanipaka tena, na mara ya pili aliyapaka kama mtu anayepaka mlango. Wanawake wa hapa wanasema Mzee Nicolas amebaki kwa nguvu ya sala. Waacheni waseme. Ninyi mjue kwamba ni dharau iliyonishikilia kitandani hapa. Kila asubuhi niliposikia mwili unataka kwenda, nilimkumbuka yule mwenye miwani na etajere yake, nikapata nguvu ya kumeza uji.

Sasa Chefu umekaa, wazee wamekaa. Alphonse, simama wima. Sema kwa sauti, wasikie mpaka nje: maneno ya nyumba na maktaba, nani aliyatunga?

Unalegeza tai.

Nakusikia unavyofikiri. Ukisema, karte yako haitakuja, maana Serikali haimpi karte mwevolue aliyesema uongo gazetini, japo gazeti lote ni uongo huohuo. Serkle watakuvua ukatibu. Padri Anatole hatakupa nafasi yangu. Na usiposema, itakuwa nini? Mzee atakufa, Chefu atarudi Fizi na neno la mgonjwa aliyekuwa na homa, na kule Fizi limelala faili lenye ukurasa uliopigwa chapa, na unajua lipi litashinda, kwa sababu umekulia katika nyumba ya mtu aliyelishindisha. Unayaona mapafu yangu yanavyokwenda. Unajua ukikaza meno kidogo tu, shauri litaisha lenyewe. Marthe, maji. Kidogo. Basi.

Hawa wazee wanangoja nikulaani. Sitakulaani. Laana ya baba apewe mtoto mwenye uzito, huyu wa tai na kamba ya kupimia, upepo unamtosha. Nitafanya jambo ambalo sijakufanyia tangu uzaliwe. Nitakusifu.

Katika tanzia ile, katikati ya taa na amani na shukrani, mna sentensi moja. "Hakungoja chai ipoe, aliinywa ingali inatoa moshi, na sisi watoto tulikuwa tukiuonea huruma ulimi wake." Nilipofika hapo niliweka gazeti chini. Nililia, Alphonse. Marthe aliniona akafikiri ni tumbo. Sentensi ile hukuipata kwa Padri Anatole, wala katika Uma na Kisu haimo. Uliipata kwa kukaa nami mezani, ungali mdogo, unanitazama na mimi sijui kama natazamwa. Ni mimi yule. Mke wangu akisoma hapo ataniona. Nimewasoma waandishi wote wa Kengele, na najisoma mwenyewe, na nakuambia mbele ya watu kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyepata kuweka katika gazeti lile sentensi ya kweli kama ile. Na mtu aliyeiandika anajua vizuri sana tofauti ya kile alichokiona na kile alichokibuni. Basi katibu wa Serkle akae, simhitaji. Namwuliza yule mtoto wa mezani. Maneno ya nyumba, uliyasikia kinywani mwangu?

Sema tena. Kwa sauti, barazani hawakusikia.

"Hapana, baba. Sikuyasikia. Ni mi niliyatunga."

Chefu, umesikia? Wazee, mmesikia? Piga magoti kama unataka, lakini malizia kwanza. Nyumba?

"Nyumba ni ya mama. Hata matofali ni yake, tulikuwa tunamuona akibeba maji. Niliyaandika kwa sababu ya nafasi, baba. Nilisema moyoni bado nitampa mama chumba."

Chumba! Mnasikia, chumba. Haya, hayo ya chumba ungeyaacha, lakini ya maji sikukuuliza, umeyatoa mwenyewe. Chefu, mwambie karani wako aandike, na Alphonse atie jina lake chini kabla hajatoka, na wewe utie muhuri, ukaiweke karatasi hiyo katika faili lilelile juu ya ukurasa ule, wakae pamoja waangaliane. Kassimu, sasa unaweza kusogea, upepo uingie. Nasikia joto.

Mengine ni mafupi. Nyumba ni ya Marthe mpaka mwisho wake, kisha ya Émilienne na watoto wake, na ndakala zianikwe hata hapa mbele barazani, mabwana wa Serkle wakipita wazisikie harufu. Shamba la mihogo la mlimani ni la Henri, akirudi. Asiporudi, ni la atakayelilima. Mbuzi wa jirani akiingia tena, mkamateni mumle, nimemwonya vya kutosha. Suti yangu ya Bukavu msinizike nayo. Mpeni yule mwenye miwani, itambana. Kassimu, sanda yako nitaivaa, ni nzuri, na umeitoa ukilia, na wanaolia kabla ya wakati kwa moyo wa kweli ni wewe tu. Sukari imeliwa, usiwaulize wajukuu.

Mashine ya kuandika. Nilikuwa nimesema Kassimu akaitupe ziwani, palipo na kina, na alikuwa tayari. Mpeni Alphonse. Usinishukuru, herufi zake zimelegea, na utepe umekauka. Utaniandikia tanzia nyingine. Usiipeleke Kengele, hawataitaka, kwa Padri Anatole mtu hafi mara mbili. Utaisoma hapa, siku ya kuondoa matanga, wazee wamekaa. Weka chai. Weka kikohozi. Weka nilivyowadharau watu, usinipunguzie, na weka mama yako na ndoo yake kichwani. Taa usiweke. Na tarehe... tarehe ungoje. Safari hii ungoje kwanza nife, mwanangu.

Marthe. Niinue kidogo. Haya. Hapo.

Sogeeni... sogeeni batoto bangu. Mi nimechoka. Nilikuwa na mambo mengi ya kusema, yote imetoroka. Mungu abachunge. Abape samaki, abape mvua kwa wakati yake, abape batoto benye macho. Musifukuze mama yenu. Henri akirudi, mumupe ile viatu, iko chini ya kitanda, nilinunua... sikutuma tu. Émilienne, we usilie, njo vile dunia iko. Alphonse, weka mukono hapa. Haiko muzito. Muzuri.

Marthe... ile chai iko wapi? Iko inatoa moshi? Naisikia. Hapana, usinipe. Leo iache. Iache ipoe.